Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Wahamiaji wa Karibi na Ubaguzi wa Rangi Uingereza Baada ya Vita

Jina la Windrush husikika sana kwenye habari za Uingereza, na wasomaji wengi wa Kiswahili, hasa wenye ndugu London, Birmingham au Leicester, hutaka kujua kisa chenyewe kilianzia wapi. Hapa tumekusanya maswali yanayojirudia zaidi. Jambo moja tunaomba msomaji alishike tangu mwanzo: wahamiaji hawa wa Karibi waliingia Uingereza wakiwa raia, wenye haki kamili ya kuishi na kufanya kazi. Mengi yaliyowapata baadaye, mitaani, viwandani na hata bungeni, yalikuwa ni juhudi za kuwageuza wageni.

Windrush ilikuwa nini, na imekuwaje meli moja ikabeba jina la kizazi kizima?

Empire Windrush ilikuwa meli ya Kijerumani iliyoitwa Monte Rosa. Waingereza waliitwaa vita vilipokwisha, wakaifanya meli ya kusafirisha askari. Mei 1948 ilitia nanga Kingston, Jamaika, ikiwa na nafasi nyingi tupu, na tangazo likatoka gazetini kwamba kuna safari ya Uingereza kwa pauni 28 na shilingi 10, kwa watakaolala chini kwenye vitanda vya askari. Ilifika bandari ya Tilbury tarehe 21 Juni, abiria wakateremka kesho yake. Orodha ya abiria ilikuwa na majina 1,027, na 802 kati yao waliandikisha kwamba makazi yao ya mwisho yalikuwa Karibi. Wengi wa wanaume hao walikuwa wamelitumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita, kwa hiyo nchi haikuwa ngeni kwao.

Haikuwa meli ya kwanza. Ormonde na Almanzora zilileta Wakaribi mwaka 1947 bila kelele. Windrush ilipokewa na wapiga picha za sinema na waandishi wa habari, ndiyo maana ikabaki vichwani mwa watu. Wale wasiokuwa na pa kufikia walilazwa Clapham South, kwenye handaki la kujikinga na mabomu lililochimbwa chini ya stesheni ya treni. Ofisi ya ajira ya karibu ilikuwa Brixton, barabara ya Coldharbour Lane. Walikwenda kutafuta kazi huko, wakatafuta na vyumba huko huko, na mpaka leo Brixton ni mtaa wa Wakaribi.

Kwa nini waliondoka kwao?

Njaa ya kazi. Uchumi wa visiwa vile ulikuwa umefungwa kwenye miwa kwa karne nzima, na mshahara wa shambani haukutosha. Jamaika ilipigwa na kimbunga mwaka 1944, kikaja kingine mwaka 1951. Mwaka 1952 Marekani, ambako Wakaribi walizoea kwenda, ilipitisha sheria iliyobana idadi ya watu kutoka makoloni, na njia hiyo ikawa kama imezibwa.

Upande wa pili Uingereza ilikuwa imebomolewa na mabomu na haina wafanyakazi wa kutosha. Shirika la usafiri la London lilifungua zoezi la kuajiri Barbados mwaka 1956, na serikali ya kisiwa ikawakopesha watu nauli. Hospitali nazo zilitafuta wasichana wa kusomea uuguzi. Sensa ya 1951 ilihesabu takriban watu 15,000 waliozaliwa Karibi katika England na Wales; ile ya 1961 ikahesabu zaidi ya 170,000.

Ni kweli serikali iliwahi kufikiria kuwapeleka Tanganyika?

Ndiyo, na wasomaji wa Dodoma watashangaa kusikia hivyo. Habari za meli zilipofika London kabla ya abiria wenyewe, Waziri Mkuu Clement Attlee aliuliza kama ingewezekana Windrush igeuzwe iende Afrika Mashariki, watu wale wakafanye kazi kwenye mpango wa karanga. Huu ndio mpango ulioanza 1947 Kongwa, ukala mamilioni ya pauni, ukaachwa mwaka 1951 baada ya karanga kukataa kuota. Wazo la kugeuza meli halikufika mbali.

Lakini hebu tulitazame vizuri. Mafundi seremala, makanika na askari waliovaa sare ya Mfalme walikuwa tayari njiani kwenda kwenye nchi iliyolia uhaba wa wafanyakazi, na kiongozi wa nchi hiyo anawaza kuwafanya manamba Tanganyika. Siku ile ile waliposhuka, tarehe 22 Juni, wabunge 11 wa chama chake mwenyewe cha Leba walimwandikia barua wakitaka kuingia kwa watu weusi kudhibitiwe, wasije wakaharibu umoja wa taifa. Attlee aliwajibu tarehe 5 Julai 1948, akitetea desturi ya kuwaruhusu raia wa makoloni kuingia kwa uhuru. Tarehe hiyo hiyo ndiyo mfumo wa afya wa taifa, NHS, ulianza kazi, ule ambao usingesimama bila wanawake wa Karibi.

Walikuwa raia kwa sheria gani?

Watu wa makoloni walikuwa raia wa Mfalme tangu zamani. Sheria ya Uraia ya 1948, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1949, ikaliweka wazi zaidi: mzaliwa wa Kingston na mzaliwa wa Manchester wote walikuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake. Kwa sheria hiyo hata mtu wa Kisumu alihesabiwa humo. Hapakuwa na viza wala kibali cha kazi.

Je, Uingereza ilikuwa na sheria za ubaguzi kama Afrika Kusini au Kenya ya wakoloni?

Haikuwa nazo, na hili huwachanganya watu wengi. Kenya ilikuwa na ardhi iliyotengwa kwa wazungu peke yao, tena kwa maandishi. Uingereza yenyewe haikuwa na sheria iliyosema mtu mweusi asiingie hapa. Ila haikuwa pia na sheria ya kumkataza mwenye nyumba, mwajiri au mwenye baa kusema hivyo. Kila mtu alikuwa huru kubagua, na mbaguliwa hakuwa na pa kushtaki.

Kesi ya Learie Constantine inaonyesha hali ilivyokuwa. Alikuwa mchezaji kriketi maarufu kutoka Trinidad, na wakati wa vita alifanya kazi serikalini. Mwaka 1943 alifika na familia yake kwenye hoteli ya Imperial, London, akiwa ameshalipia nafasi, akaambiwa anaweza kulala usiku mmoja tu kwa sababu wapo wageni Wamarekani wasiotaka kumwona. Alikwenda mahakamani, akashinda mwaka 1944, akapewa fidia ya gini 5, yaani zaidi kidogo ya pauni 5. Alishinda kwa sababu ya kanuni ya kale kwamba mwenye nyumba ya wageni hawezi kumkataa msafiri bila sababu ya maana. Kuhusu rangi yake, sheria haikuwa na neno. Mtu asiye na jina kama lake angepata wapi wakili?

Walipataje mahali pa kuishi?

Kwa taabu kubwa, na kwa maoni yetu hapa ndipo ubaguzi ulipouma kuliko pengine popote. Kazi ungeweza kupata mbaya ukavumilia, lakini chumba ukikikosa unalala nje, tena wakati wa baridi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Vyumba vilitangazwa kwa vikaratasi kwenye madirisha ya maduka au safu ndogo za magazeti, na vingi viliandikwa waziwazi kwamba watu wa rangi hawatakiwi. Pale ambapo hapakuandikwa, mtu alipiga simu akaambiwa chumba kipo, njoo. Akifika mlangoni mwenye nyumba anamtazama usoni na kusema kimeshachukuliwa sasa hivi. Wengine walieleza kwamba wao wenyewe hawana tatizo, ila majirani watalalamika. Hilo ndilo jibu lililotolewa kwa upole zaidi, na lilikuwa halina dawa, maana huwezi kubishana na jirani usiyemwona.

Nyumba za halmashauri nazo zilikuwa na foleni yenye masharti. Birmingham, kwa mfano, ilitaka mtu awe amekaa mjini miaka 5 kabla ya kufikiriwa. Sharti halikutaja rangi, lakini liliwaangukia wageni, na wageni wenyewe ndio hao. Mabenki na vyama vya mikopo ya nyumba havikuwapenda.

Waliobaki walikimbilia kwa wenye nyumba waliowapokea kwa bei ya kuwakamua. Peter Rachman wa Notting Hill ndiye aliyesifika kwa ubaya, akipangisha vyumba vibovu kwa kodi kubwa na kutumia mabaunsa dhidi ya waliosumbua. Familia nzima ilikaa chumba kimoja: kitanda, sanduku lililoletwa kutoka nyumbani, jiko la mafuta ya taa katikati likiwapa joto na moshi kwa pamoja. Majiko hayo yalisababisha moto mara nyingi. Mapishi yalifanyika kwenye ngazi, kwa zamu na wapangaji wa vyumba vingine.

Njia ya kutoka waliitafuta wenyewe, na Mswahili ataitambua mara moja. Wajamaika huiita pardner, Watrinidadi husema susu. Tanzania tunaita upatu, na Kenya akina mama wa chama wanaufahamu mchezo huo vizuri. Watu kadhaa wanaoaminiana wanachanga kiasi kile kile kila wiki, mmoja anashika fedha, na kila wiki mtu mmoja anaondoka na kitita chote. Kitita kikawa malipo ya awali ya nyumba mbovu mtaa usiotakiwa na weupe. Mwenye nyumba mpya akapangisha vyumba vya juu kwa wenzake, deni likalipika. Nyumba nyingi za familia za Kikaribi Brixton, Handsworth na Moss Side zilinunuliwa hivyo, bila benki kuwafungulia mlango.

Lile bango la "hapana Waairishi, hapana weusi, hapana mbwa" lilikuwepo kweli?

Kuna mabishano kuhusu picha moja ya bango hilo inayosambaa sana, na wapo wanaoitumia kudai kwamba mambo haya ni hadithi za kutunga. Wasikubabaishe. Matangazo ya kukataa watu wa rangi yapo kwenye magazeti ya wakati ule, yamehifadhiwa, na yalikuwa halali kuchapishwa mpaka mwaka 1968. Hata ukiitupa picha ile, ushahidi wa kutosha unabaki.

Na kazini?

Kazi ilipatikana, lakini ilikuwa kazi ya chini kuliko uwezo wa mtu. Fundi mwenye vyeti aliishia kufagia kiwanda. Mwalimu alikata tiketi kwenye basi. Vyeti vya Karibi havikuheshimiwa, na vyama vya wafanyakazi, ambavyo kazi yao ni kumtetea mnyonge, mara nyingi vilikubaliana na waajiri kwamba weusi wasizidi idadi fulani na wasipandishwe cheo juu ya mzungu. Mwaka 1955 wafanyakazi wa mabasi wa West Bromwich waligoma kwa sababu ya kondakta mmoja tu Mhindi kuajiriwa.

Uuguzi unastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu dhuluma yake ilifichwa kwenye karatasi. Kulikuwa na njia mbili za mafunzo. Ya kwanza ilichukua miaka 3 na kumtoa mtu akiwa muuguzi aliyesajiliwa, anayeweza kuwa sista wa wodi na kupanda hadi juu. Ya pili ilichukua miaka 2 na kumpa cheti cha chini, chenye mshahara mdogo na kisichokuwa na ngazi ya kupanda. Wasichana wengi wa Karibi wenye sifa za njia ya kwanza waliingizwa kwenye ya pili bila kuelezwa tofauti. Waligundua baada ya kumaliza. Kilichoumiza zaidi ni kwamba cheti kile cha miaka 2 mara nyingi hakikutambuliwa kule visiwani, kwa hiyo aliyekusudia kujifunza kisha arudi nyumbani kuhudumia watu wake alijikuta amekwama. Wodini kwenyewe wapo wagonjwa waliokataa kuguswa na mikono myeusi, na ni mikono hiyo iliyopewa zamu za usiku na kazi za kumwaga bakuli za wagonjwa.

Reli nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Asquith Xavier, mzaliwa wa Dominika, alikuwa gadi wa treni stesheni ya Marylebone. Mwaka 1966 aliomba kuhamia Euston, akakataliwa kwa sababu kulikuwa na makubaliano yasiyo rasmi ya kutoajiri weusi pale. Alipigania haki yake hadi jambo likafika serikalini, na Agosti 1966 akaanza kazi Euston. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu Windrush kufika.

Mgomo wa mabasi wa Bristol ulikuwaje?

Kampuni ya mabasi ya Bristol iliajiri watu weusi gereji na kantini, lakini si kama madereva wala makondakta. Tawi la chama cha wafanyakazi lilikuwa limepitisha azimio hilo. Mwaka 1963 Wakaribi wanne, Roy Hackett, Owen Henry, Audley Evans na Prince Brown, waliamua imetosha. Walimpata Paul Stephenson, kijana msomi aliyekuwa afisa wa vijana, ambaye alitafuta ushahidi usiopingika. Alimchagua Guy Bailey, mwenye miaka 18, mwenye elimu na nidhamu, akamwombea usaili wa kazi ya kondakta. Nafasi ilikuwepo. Mara kampuni ilipojua kuwa kijana ni Mkaribi, usaili ukafutwa.

Tarehe 30 Aprili 1963 walitangaza kususia mabasi. Watu walitembea kwa miguu, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana, mwanasiasa Tony Benn akasema hadharani kwamba atapanda baiskeli badala ya basi, na Learie Constantine, wakati huo balozi wa Trinidad na Tobago, akawaunga mkono waziwazi. Miezi minne baadaye kampuni ikasalimu amri. Tangazo lilitoka tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile Martin Luther King alipohutubia Washington. Kondakta wa kwanza asiye mweupe aliyeanza kazi Septemba hiyo alikuwa Raghbir Singh, Mkalasinga.

Ningependa kila anayesimulia historia ya kupinga ubaguzi autaje mji huu. Watu wanajua mgomo wa mabasi wa Montgomery, Marekani, lakini Bristol wengi hawaijui.

Hata kanisani walibaguliwa?

Hata huko. Wakaribi wengi walifika na barua za utambulisho kutoka parokia zao za Anglikana, Methodisti na Baptisti. Wengi wamesimulia jambo lile lile: baada ya ibada mchungaji anamshika mkono mlangoni, anamshukuru kwa kuja, kisha anamwomba asirudi tena, waumini hawajazoea. Wengine waliacha kabisa kwenda. Wengine walianza kusali sebuleni, kisha kwenye kumbi za kukodi, na kutoka huko yakaota makanisa makubwa ya Kipentekoste. Kanisa la New Testament Church of God lilianzishwa Wolverhampton mwaka 1953 chini ya Oliver Lyseight, likaenea nchi nzima.

Nini kilitokea mwaka 1958?

Agosti 1958 vurugu zilianza Nottingham, zikafuatiwa na Notting Hill, London, ambako makundi ya vijana weupe, mamia kwa mamia, yalizunguka usiku baada ya usiku yakiwinda watu weusi na kupiga mawe nyumba zao. Zilidumu mpaka mwanzoni mwa Septemba. Wakaribi walijihami, wengine wakiwa juu ya nyumba na chupa za petroli mkononi. Wakubwa wa polisi walisema ni uhuni tu wa mitaani. Taarifa za askari waliokuwa barabarani, zilizofunguliwa miaka mingi baadaye, zilieleza waziwazi chuki ya rangi. Vijana 9 weupe walifungwa miaka 4 kila mmoja.

Halafu akaja Kelso Cochrane. Alikuwa seremala kutoka Antigua, mwenye miaka 32. Alikuwa ameumia kidole gumba, akaenda hospitali kutibiwa, na usiku wa manane wa tarehe 17 Mei 1959 alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu. Kwenye barabara ya Southam kundi la vijana weupe lilimzingira na kumchoma kisu. Polisi walifanya haraka kusema ni wizi. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Zaidi ya watu 1,200 walimzika, weusi na weupe, wengi wao hawakuwahi kumwona akiwa hai.

Kati ya waliosimama imara wakati huo ni Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyefukuzwa Marekani mwaka 1955 kwa sababu ya ukomunisti wake. Alianzisha gazeti la Wakaribi huko Brixton mwaka 1958, na tarehe 30 Januari 1959 akaandaa sherehe ya kanivali ndani ya ukumbi wa St Pancras, katikati ya baridi, ili watu waliopigwa wakumbuke kucheza. Sehemu ya mapato ilisaidia kulipa faini za vijana weusi na weupe waliokamatwa kwenye vurugu. Kanivali kubwa ya Notting Hill ya leo inamtaja yeye miongoni mwa waasisi.

Watoto wao walipokewaje shuleni?

Wengi walifika baadaye, wakiwa wamelelewa na bibi zao visiwani, na walimkuta mama waliyekuwa wakimjua kwa barua na picha. Shule ziliwapima kwa mitihani ya akili iliyotungwa kwa ajili ya watoto wa Kiingereza, zikasikia lafudhi yao, zikaamua wana upungufu. Wakapelekwa kwenye shule maalumu za watoto waliohesabiwa kuwa na akili ndogo. Ukishaingia huko hukufanya mitihani ya kawaida, na maisha yako yakawa yameamuliwa ukiwa na miaka 8 au 9. Wazazi wengi waliamini neno "maalumu" linamaanisha shule bora.

Mwaka 1971 Bernard Coard, Mgrenada aliyekuwa akifundisha katika shule hizo, alichapisha kijitabu kilichoonyesha kwamba watoto wa Karibi walikuwa humo kwa wingi usio na uwiano, na kwamba kasoro ilikuwa kwenye mfumo. Wazazi walikipokea kwa kishindo. Shule za Jumamosi zilizoanzishwa kwenye makanisa na majumbani, walimu wakiwa ni majirani waliojitolea, zikaongezeka mji kwa mji.

Uhusiano wao na polisi?

Mbaya sana. Polisi walitumia sheria ya uzururaji ya mwaka 1824 kumkamata yeyote waliyemshuku tu kwamba anakusudia kutenda kosa. Ushahidi wa askari wawili ulitosha, na vijana weusi ndio walioshukiwa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1981, baada ya machafuko ya Brixton.

Mkahawa wa Mangrove pale Notting Hill, mali ya Frank Crichlow kutoka Trinidad, ulivamiwa na polisi mara 12 kati ya Januari 1969 na Julai 1970, wakidai wanatafuta dawa za kulevya. Hawakuzipata. Watu walipoandamana, 9 walishtakiwa kwa kuchochea ghasia. Kesi ilichukua siku 55 mwaka 1971. Altheia Jones-LeCointe na Darcus Howe walijitetea wenyewe, wakawahoji askari mmoja mmoja mpaka maelezo yao yakagongana. Wote 9 walifutiwa shtaka kubwa la ghasia, na jaji akatamka kwamba kulikuwa na ushahidi wa chuki ya rangi pande zote mbili. Kabla ya hapo hakuna jaji wa Uingereza aliyewahi kusema hivyo kuhusu polisi wa London, na serikali ilijaribu bila mafanikio kumshawishi afute maneno hayo.

Lini mlango wa kuingia Uingereza ulifungwa, na sisi wa Afrika Mashariki tulihusikaje?

Ulifungwa kwa awamu. Sheria ya 1962 ilitaka raia wa Jumuiya ya Madola awe na vocha ya kazi. Waairishi, ambao hawakuwa hata katika Jumuiya hiyo, hawakuguswa. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha makusudio. Watu walikimbilia kuingia kabla ya sheria kuanza, na wanaume waliokuwa na mpango wa kufanya kazi miaka michache warudi kwao wakaamua kuleta wake na watoto, wakijua wakitoka hawataingia tena.

Awamu ya pili ilipitia Nairobi. Wahindi wa Kenya waliobaki na pasi za Uingereza baada ya uhuru walianza kuondoka kwa wingi serikali ya Kenya ilipobana vibali vya kazi na leseni za biashara mwaka 1967. Serikali ya Leba ya Harold Wilson ilipitisha sheria mpya kwa siku 3 tu, ikaanza Machi 1968: mwenye pasi ya Uingereza angeingia kwa uhuru iwapo tu yeye, mzazi wake au babu yake alizaliwa au kupata uraia Uingereza yenyewe. Sheria haikutaja rangi, lakini mzungu wa Nairobi alipita na Mhindi wa Nairobi akabaki nje, wote na pasi za aina moja. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Aprili 1968, mbunge Enoch Powell wa chama cha Conservative alitoa hotuba yake ya chuki mjini Birmingham. Alifukuzwa kwenye uongozi wa chama, lakini makuli wa bandari ya London waliandamana kumuunga mkono.

Sheria za kupinga ubaguzi zilisaidia?

Ile ya 1965 kidogo sana. Ilikataza ubaguzi kwenye hoteli, baa, sinema na mabasi, ikaacha nyumba na ajira, yaani yale mawili yaliyowaua watu. Utafiti wa 1967, ambao mwombaji mweusi, Mzungu mhamiaji na Mwingereza mweupe walitumwa kuomba kazi na vyumba vile vile, ulithibitisha kwamba mweusi ndiye aliyekataliwa zaidi, hata kuliko mgeni mweupe. Sheria ya 1968 ikaingiza nyumba na ajira. Ya 1976 ikafika mbali zaidi kwa kugusa masharti yasiyotaja rangi lakini yanayoumiza rangi moja, kama lile la Birmingham. Zote tatu zilipatikana kwa msukumo wa watu kama wa Bristol.

Kashfa ya Windrush ya 2018 inaunganaje na haya yote?

Moja kwa moja. Sheria ya Uhamiaji ya 1971, iliyoanza tarehe 1 Januari 1973, iliwahakikishia waliokwisha kukaa kwamba wana haki ya kubaki. Haikuwapa karatasi yoyote. Watoto waliokuja kwa pasi za wazazi wao walikua, wakasoma, wakalipa kodi miaka 40 na zaidi. Kisha sheria za 2014 na 2016 zikawataka waajiri, wenye nyumba, mabenki na hospitali wamkague kila mtu. Asiye na hati alipoteza kazi, akatolewa kwenye nyumba, akanyimwa matibabu, akawekwa kizuizini. Kadi za kuwasili ambazo zingethibitisha maneno yao zilikuwa zimeharibiwa na wizara yenyewe mwaka 2010.

Serikali ilikiri kwamba watu wasiopungua 83 walioondolewa nchini walikuwa na haki ya kukaa. Wengine walifariki kabla ya kupatikana. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu Aprili 2018, na mpango wa fidia ukafunguliwa mwaka 2019. Umelalamikiwa sana kwa kuchelewa na kudai ushahidi mzito kutoka kwa wazee walewale walioteswa kwa kukosa ushahidi.

Mtu aliyetoka Kenya, Uganda au Tanzania anaweza kudai fidia hiyo?

Anaweza. Jina la Windrush limewafanya wengi wafikiri mpango ni wa Wakaribi peke yao, lakini unamhusu raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola aliyeishi Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1973, na mtu wa uraia wowote aliyefika kabla ya mwisho wa 1988 akiwa na haki ya kukaa, ilimradi alipata hasara kwa kushindwa kuithibitisha. Watoto na wajukuu wa waliofika kabla ya 1973 nao wanaweza kuhusika katika hali fulani, na hata waliofiwa na mhusika wanaweza kudai kwa niaba ya mirathi yake. Maombi hayalipiwi, na tarehe ya mwisho iliyowekwa awali iliondolewa. Kama una mzazi au mjomba aliyefika London miaka ya 60 na akasumbuliwa kuhusu hati, kaa naye, andika alikofanya kazi na shule aliyosoma, tafuta barua za zamani za mwajiri na za hospitali, na mwambie asikubali kulipishwa na mtu yeyote anayedai kumjazia fomu.